Upande Aliotokea Mjumbe

Mama wa safu ya sita alizikwa mwezi wa tatu, na mimi mwenyewe nilikwenda mazikoni. Lakini asubuhi ile ya mazoezi alikohoa kama kawaida yake, mara mbili, pale pale malkia wa hadithi yetu anaponyanyua mkono kuapa. Nilimsikia sikioni, ndani ya barakoa. Mbele yangu ngazi za mawe za Duara, ukumbi wetu wa wazi, zilikuwa tupu mpaka juu, jua limezipiga, na pimbi wawili wamejilaza safu ya tatu kama wenye tiketi.

Sisi hatufanyi mazoezi mbele ya viti vitupu. Chini ya viti vya mawe pana nyuzi nyembamba kuliko unywele, na nyuzi hizo hushika pumzi ya aliyekaa, mapigo ya moyo wake, na namna anavyojisogeza akichoka au akiogopa. Vyote huenda kwenye sanduku lililo ndani ya nyumba ya nyuma, sanduku la kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, na sanduku hilo halisahau. Tukitaka kufanya mazoezi, Otmari fundi huwasha umati wa mwaka uliopita. Sikioni unasikia mlio mdogo kama wa kuvunja njiti, halafu watu elfu tisa wanaanza kupumua. Sisi kumi na tano tunasimama kwenye kiwanja cha mviringo tunawaimbia. Waliokufa katikati ya mwaka nao wamo. Wageni hushtuka. Sisi tulishaacha kushtuka, au ndivyo tulivyodhani.

Naitwa Gaudensia Kikoti, mwalimu na kiongozi wa kwaya ya Duara la Isangala. Si kwaya ya kanisani, ingawa padri wetu bado ananinunia kwa kumwibia wenye sauti. Barakoa zetu ni za kitani kilichopakwa gundi tabaka kwa tabaka, kama za Wagiriki wa kale, ila ndani yake kuna kitu ambacho Wagiriki hawakuwa nacho. Zinatupa maneno. Mtunzi ameandika, sawa, lakini sanduku likisikia safu za juu zimebana pumzi, huchagua ubeti mwingine, hurefusha, hurudia. Linaninong'oneza mimi kwanza. Nikitamka, wenzangu kumi na wanne wanapokea kwa sauti moja hata kabla sijamaliza neno. Kazi ya sanduku ni kama ya nesi anayekubonyeza tumbo: linatafuta panapouma, na hapo hapo ndipo linapobonyeza.

Asubuhi ile malkia alikwisha kuapa uongo wake juu ya kaburi, kisima cha mji wake kimekauka, na sasa ilikuwa zamu ya mjumbe kuingia. Kuna njia mbili za kuingilia kiwanjani, na hata mtoto wa Isangala anazijua. Ya mashariki tunaiita njia ya bwawa: anayeingia humo ametoka mbali, safarini au vitani. Ya magharibi ni njia ya mji: anayeingia humo ametoka nyumbani. Mchezaji hana haja ya kusema alikotoka. Akikosea njia watu humzomea mpaka arudi nyuma, kwa sababu ameshasema uongo kabla ya kufungua mdomo. Mjumbe wetu akaingia kwa njia ya bwawa kama inavyotakiwa, akahema, akafungua mikono. Nilitakiwa kusema, "Sema ulichokiona."

Barakoa ikaninong'oneza kitu kingine, na mdomo wangu, kwa mazoea ya miaka, ukakitamka.

"Mjumbe, ulitoka upande gani?"

Kumi na wanne wakapokea. Kisha vichwa vyote kumi na vinne vikageuka, vikamwacha mchezaji aliyesimama mbele yetu, vikatazama njia ya mji. Hapakuwa na mtu. Masikioni mwangu watu elfu tisa wakaacha kupumua kwa pamoja, na yule mama marehemu hakukohoa tena. Pimbi walishuka safu ya tatu mbio na kupotea kwenye mawe. Nilivua barakoa nikasema tupumzike.

*

Nikamfuata Otmari Nyenza kwenye nyumba ya nyuma. Nyumba hiyo ina mlango mmoja mkubwa unaotazama kiwanja, na kwa desturi kifo chochote katika hadithi hutokea nyuma ya mlango huo. Hatuuani mbele za watu. Mlango unafungwa, mjumbe anatoka, anaanza na maneno yale yale, "Niliyaona kwa macho yangu," halafu anasimulia, na watu wanaona mengi kuliko wangeonyeshwa. Mwalimu aliyetufundisha haya alikuwa mtu wa chuo kikuu, alishafariki sasa. Alikuja Isangala mwaka uliofuata ule wa mafuriko, akakuta mji ambao watu wake hawalii wala hawalali.

Bwawa la Nyamasi lilikuwa limepasuka mchana wa Alhamisi moja na kuchukua watu mia tatu na kumi na mmoja. Yule mwalimu alisema kuna watu wa kale waliokuwa na dawa ya jambo hili. Waliuweka mji mzima kwenye ngazi za mawe, mchana kweupe, siku kadhaa kila mwaka, wakautazamisha mateso ya wafalme wa mbali, nao mji ukalia pamoja ili pasiwe na mtu wa kulia peke yake. Lakini alituonya. Watu hao hao waliwahi kumtoza faini mtunzi mmoja kwa sababu aliwachezea msiba wao wenyewe, na ukumbi mzima ukalia kilio kisichonyamazika. Kwa hiyo sisi tulitunga sheria: Isangala huonyesha misiba ya wageni tu. Wetu unaguswa mara moja, siku ya kwanza ya sikukuu, asubuhi, wakati mjumbe wetu wa kweli anapoingia kwa njia ya bwawa bila kusema kitu, akavikwa shada la maua, na kuketi kiti cha kwanza cha safu ya kwanza.

Mjumbe huyo ni baba yangu, Batromeo Kikoti.

Siku ile alikuwa zamu kwenye lango la bwawa na mwenzake, Vitus Chengula. Gurudumu la kufungulia maji lilikuwa zito, halizunguki bila watu wawili. Mji unajua kwamba Vitus aliacha lindo, kwamba baba alibaki peke yake akashindwa kulizungusha, akakimbia mpaka mjini akipiga kelele, na nusu ya mji ikapona kwa miguu yake. Vitus hakuonekana tena, hai wala maiti. Jina lake halitajwi ndani ya Duara. Mke wake, Leokadia, hukaa ngazi ya juu kabisa, pembeni, kwenye jiwe ambalo fundi aliambiwa asilitilie nyuzi.

Otmari alikuwa amekaa mbele ya sanduku, hajanywa chai yake. Ni mtu wa maneno machache tangu alipofiwa na mkewe. Akaniambia, "Kaa kwanza, mwalimu," ndipo nikajua jambo lina uzito.

Alinionyesha mistari ya miaka ishirini. Kila sikukuu uchungu wa mji hupanda siku ya kwanza na kushuka siku ya tatu, katika viti vyote, isipokuwa kimoja. Hadithi iwe ya nani, iwe ya nchi gani, mjumbe akisema tu "niliyaona kwa macho yangu," aliyekaa kiti cha kwanza safu ya kwanza anabana pumzi mpaka hesabu ya tisa. Miaka ishirini hajakosa hata mara moja. Otmari hakuniuliza nani anakaa pale. Akafungua mistari mingine. Kila mwaka baba anapoingia kwa njia ya bwawa, viti arobaini hivi navyo vinabana pumzi. Alikuwa ameangalia majina. Wote walikuwa majirani zetu wa zamani, wa mtaa tuliokaa nilipokuwa mdogo.

"Watu arobaini wana jambo na wamelikalia," alisema. "Sanduku limelinusa. Halijui sheria, linajua kubonyeza tu. Siku ya sikukuu litakupa swali lile tena, mbele yake."

Nilimwuliza kama linaweza kunyamazishwa. Akasema anaweza kulifuta, ni kazi ya muda wa kusonga ugali. Lakini kufuta ni kufuta vyote, miaka yote, kila aliyewahi kukaa pale. Nikakumbuka kwamba mke wake alikuwa wa safu ya kumi na mbili, na kwamba yapo mazoezi ambayo Otmari huvaa barakoa ya akiba na kuinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mvua.

"Sema neno moja," aliniambia, "nitafuta."

Sikulisema. Nilitoka nje nikiwa na hasira naye kwa kunionyesha.

*

Leokadia ndiye mshonaji wa kwaya. Haruhusiwi kukaa ngazi za chini, lakini kushona aliruhusiwa, maana hakuna mwenye mkono kama wake, na mji wetu ni hodari wa kumtenga mtu huku ukimtumia. Jioni ile nilikwenda kupima joho langu. Nikamwamkia, "Kamwene, mama," akaitikia huku pini ziko mdomoni, akaanza kunizunguka kwa magoti, polepole, akikohoa. Alikohoa kuliko mwaka jana.

Sijui ni kitu gani kilinifanya nigeuze ukosi wa joho. Kwa ndani, mahali ambapo hakuna atakayeona, kulikuwa na kipande cha kaki, upana wa vidole viwili, kimeshonewa kwa uzi mdogo mdogo. Nikageuza joho la jirani. Nalo lilikuwa nacho. Mavazi yote kumi na matano yalikuwa nacho.

Nilimwuliza ni nini. Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa cha kiunoni. Akasema ni shati la kazi la mzee wake, lile la akiba. Alikuwa nayo mawili, moja alilivaa siku ile. Hili la pili amekuwa akilikata kidogo kidogo kila mwaka, apate na yeye kuingia kiwanjani na wenzake.

"Limebaki mkono mmoja," alisema. "Ukiisha sijui nitafanyaje. Simama wima, mwanangu, nione pindo."

Nilisimama wima. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, mwalimu wa kwaya, na kila mwaka nilikuwa nimevaa shati la mtu huyo shingoni nikiimbia heshima ya baba yangu.

*

Nilimkuta baba uani, kwenye kigoda, amevaa sweta lake zito, anapukuchua maharage. Nilikuwa nimepanga maneno njiani lakini yote yalinitoka. Nikauliza tu, "Baba, siku ile ulikuwa wapi?"

Alimaliza ganda alilokuwa nalo, akachukua jingine, akalimaliza pia. Nadhani alikuwa amelisubiri swali hilo muda mrefu, na sasa limefika hakuwa na haraka nalo.

Alinisimulia bila kunitazama. Mama alikuwa amekwenda msibani kwao. Mimi, wa miaka saba, nilikuwa na homa kali, na jirani akatuma ujumbe kule langoni kwamba naweweseka. Alimwambia Vitus, nampeleka mtoto zahanati, narudi sasa hivi. Vitus akamjibu, nenda, kwani lango litakimbia? Akaja nyumbani, akanifunga mgongoni kwa kanga nyekundu ya mama, akanipeleka. Zahanati kulikuwa na foleni. Mvua ilikuwa inanyesha milimani, siyo mjini, na yeye hakujua. Aliponirudisha na kuanza kwenda lindoni, alifika nyumba za mwisho tu, akaona maji yako juu ya miti. Akageuka.

"Walioniona waliniona nakimbia natokea mashariki," alisema. "Wakasema nimetoka langoni. Mimi sikusema. Nilinyamaza tu, nao wakanisemea, mpaka nikakuta nimevikwa maua."

"Na Vitus?"

"Vitus alibaki."

Nikamwambia kuhusu sanduku, swali, na siku ya sikukuu. Nikamwambia Otmari anaweza kufuta. Niliuona mkono wake unatafuta maharage mahali ambapo hayapo. Baadaye alisema kitu ambacho nilikasirika kukisikia, kwa sababu na mimi nilikuwa nimekwisha kukifikiria: kwamba yeye ni mzee, amebakiza muda mdogo, basi tungoje afe kwanza halafu tuseme chochote. Nikamjibu kwamba Leokadia naye anakohoa.

Nilisimama niondoke. Nilikuwa na uchungu wa kutosha kwa watu wawili, kwa sababu homa ile ilikuwa yangu. Shule nilisomeshwa na mji kwa heshima ya mjumbe. Hata kazi yangu ya kwaya, sijui kama ningeipata ningekuwa binti wa Chengula. Nadhani aliyasoma hayo usoni mwangu.

"Homa ilikuwa yako," alisema, "kosa ni langu. Usiyachanganye, Gau."

Sikumwahidi kitu. Yeye pia hakuniomba tena.

*

Siku ya sikukuu mji hufungwa. Maduka hayafunguliwi, wagonjwa wanaoweza kukaa hubebwa, hata wafungwa huletwa bila pingu na kukaa katikati ya watu, kwa sababu wale wa kale nao walifanya hivyo, na mpaka leo hakuna mfungwa wetu aliyewahi kutoroka. Jua lilipotoka tulikuwa tumeshaingia kiwanjani tukiimba. Kwaya ikishaingia haitoki mpaka hadithi iishe, liwe jua, iwe mvua, mtu aumwe au azimie. Nilikuwa sijamwambia Otmari neno lolote, la kufuta wala la kuacha. Nilimpita mlangoni asubuhi, hakuniangalia.

Ngoma zikapiga na kunyamaza. Ulikuwa wakati wa mjumbe wa kweli. Kwa kawaida ngoma zikinyamaza tu baba huwa ameshaonekana kwenye njia ya bwawa, na mimi humkaribisha kwa maneno ambayo hayajabadilika miaka yote: karibu, mjumbe uliyetoka kwenye maji. Nikatazama mashariki. Njia ilikuwa tupu. Kulikuwa na vumbi na mwanga, basi.

Watu wakaanza kusogea kwenye viti. Nikatazama kiti cha kwanza, kitupu. Nikainua macho mpaka ngazi ya juu kabisa, pembeni, nikamwona Leokadia, mdogo kwa umbali, mikono imelala magotini. Ndipo niliposikia swali. Lilikuja pale pale linapokujaga, nyuma ya sikio, kwa sauti ambayo si ya mtu.

Niliogopa. Nataka ieleweke kwamba niliogopa, na kwamba nampenda baba yangu kuliko ninavyoupenda mji huu. Nilikuwa na sheria upande wangu: msiba wetu hauchezwi. Nilikuwa na maneno ya kale tayari kwenye ulimi, na wenzangu kumi na wanne wangeyapokea, na baba angejitokeza, angevikwa maua, na jioni tungekula maharage yake. Chini ya ukosi kile kipande cha kaki kilikuwa kinanichoma shingo kwa jasho. Nikawaza juu ya mkono mmoja wa shati uliobaki.

Nikasema, "Mjumbe, ulitoka upande gani?"

Kumi na wanne wakapokea, na mawe yakairudisha sauti, na vichwa vyote vikageukia njia ya mji.

Safari hii alikuwepo. Sijui alisimama pale tangu saa ngapi. Alikuja anatembea, hakukimbia, mzee mwenye sweta, na kifuani alikuwa amefunga kanga nyekundu kama mwanamke aliyebeba mtoto. Kanga ya mama. Mgongoni ilining'inia tupu, imebonyea mahali ambapo mtoto angekaa. Aliingia kiwanjani kwa njia ya mji, asubuhi kweupe, mbele ya watu elfu tisa ambao tangu utotoni wanajua maana ya kuingia kwa njia hiyo.

Hakuna aliyezomea.

Alisimama katikati. Nilimsikia akivuta pumzi, na nikahesabu bila kutaka, moja, mbili, mpaka tisa.

"Sikuyaona kwa macho yangu," alisema. "Nilikuwa mjini. Aliyeyaona ni Vitus Chengula. Alibaki kwenye gurudumu peke yake, ananisubiri."

Kama kuna ubeti uliotakiwa hapo, mimi sikupewa. Lakini wenzangu kumi na wanne, ambao hawajawahi kufungua mdomo kabla yangu, wakasema kwa sauti moja, polepole, "Vitus Chengula." Halafu kutoka safu za katikati, walikokaa watu wa mtaa wetu wa zamani, mtu mmoja akalitaja, na mwingine, na wengine, wazee kwa wazee, kwa sauti za chini za watu wanaotua mzigo. Hawakushangaa. Hilo ndilo lililonitisha kuliko vichwa kugeuka, kuliko kikohozi cha marehemu. Walikuwa wanalijua jina hilo kama wanavyojua njia ya kwao, na kwa miaka ishirini walikaa nalo juu ya mawe wakilia misiba ya wafalme.

Leokadia akaanza kushuka. Ngazi zile ni nyingi, magoti yake mabovu, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Tulisubiri wote. Alifika kiwanjani, akamtazama baba kwa muda mrefu. Leokadia akapita nyuma yake, akafungua lile fundo la kanga, akaikunja kwa mikono ya mshonaji, pindo kwa pindo, kona kwa kona, mpaka ikawa ndogo. Akaniletea.

"Chukua," alisema. "Wewe ndiye uliyebebwa humu."

Kisha akaenda, akakaa kiti cha kwanza cha safu ya kwanza, akavuta vizuri sketi yake magotini. "Haya," akatuambia. "Mliniambia kuna hadithi ya malkia. Endeleeni."

Baba alikuwa ameshageuka. Alizipanda zile ngazi, moja moja, akishika ukingo, akipita katikati ya watu waliomsogezea miguu bila kumwangalia, mpaka juu kabisa, pembeni. Akakaa pale Leokadia alipokuwa amekaa.

Nikainua mkono kuwaanzisha wenzangu. Hapo ndipo niliposikia sikioni ule mlio mdogo kama wa kuvunja njiti.

Nikageuka kuutazama mlango wa nyumba ya nyuma. Otmari alikuwa amesimama kwenye mwanya, mkono ungali kwenye swichi, anafuta macho kwa mkono mwingine. Hakuweza kumfuta mke wake. Kwa hiyo alikuwa amezizima barakoa zote tangu alfajiri, kabla hatujazivaa, ili swali lisinifikie. Basi swali nililolisikia halikutoka kwenye sanduku. Alikuwa amezizima kwa kunihurumia, na alikuwa amesimama nyuma ya mlango wakati wote huo akitusikia.

Sasa pumzi zikaanza kunijia sikioni, elfu kwa elfu, nzito, kama mji mzima umepanda mlima. Karibu kabisa, kutoka kiti cha kwanza, ilikuja moja nisiyoijua, ya kukwaruza, yenye kikohozi ndani yake. Tangu Duara lijengwe hakuna aliyewahi kuisikia. Niliisikiliza mpaka nikaitofautisha na zote. Halafu nikaanza kutafuta ya baba yangu. Nilitafuta safu kwa safu, nimekumbatia ile kanga, wenzangu wananisubiri, mpaka nilipokumbuka kwamba lile jiwe la juu halina nyuzi.